Je, mate ya mgonjwa wa Parkinson yanaweza kutueleza msongo wake?

Swali: "Shikamoo Daktari. Baba yetu ana miaka 69, ni mwalimu mstaafu, na mwaka 2021 aliambiwa hospitalini kwamba ana ugonjwa wa Parkinson. Anatumia levodopa yenye karbidopa saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa mbili usiku, pamoja na vidonge vya Artane. Kaka yetu anayeishi Uingereza alipokuja likizo alileta kipimo cha mate cha kupima msongo. Tulikusanya mate mara nne kwa siku moja: saa mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na moja jioni, na saa nne usiku kabla Baba hajalala. Yeye huamka saa kumi alfajiri na halali tena. Mimi ndiye niliyemshikia pamba mdomoni kwa sababu mikono yake inatetemeka, na usiku ule nilifanya hivyo mara tu baada ya kumpaka krimu yake ya haidrokotisoni, maana ana ukurutu shingoni na usoni. Vichupa vilikaa siku tatu kwenye begi la Kaka kabla ya kufika maabara. Majibu yanasema kotisoli ya asubuhi iko chini, ya usiku iko juu sana, na amilasi iko chini. Wameandika kwamba tezi zake za adrenali 'zimechoka' na kwamba anahitaji virutubisho kwa miezi sita. Mdogo wangu anasema haya ndiyo matunda ya kesi ya shamba inayomsumbua Baba tangu mwaka 2019, na ni mimi niliyemshawishi aifungue. Ni kweli kwamba kuanzia saa kumi jioni huingiwa na hofu, hutoka jasho, na huuliza tena na tena kama mlango umefungwa. Je, msongo ndio uliomletea ugonjwa? Tununue hivyo virutubisho? Na vile vichupa viwili vilivyobaki, tuvitumie kumpima upya?"

Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu ndani yake umeeleza, pengine bila kujua, karibu kila kitu kinachohitajika ili kuyaelewa majibu hayo. Umetaja saa ambayo Baba huamka, saa za dawa, krimu, na ile hofu ya jioni. Waliotoa majibu hawakuyajua hayo, nao wakatafsiri namba nne kana kwamba zimetoka kwa mtu asiye na ugonjwa, asiye na dawa na asiye na krimu. Nitaanza na namba, kisha nifike kwenye lile ninaloliona limekuelemea zaidi, yaani kesi ya shamba.

Kotisoli ni homoni inayotengenezwa na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo kama kofia, nazo ndizo tezi za adrenali. Amri ya kuitengeneza hutoka mbali: sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi hutoa homoni inayoiamsha tezi ya pituitari iliyo chini yake, pituitari nayo hutuma homoni nyingine kwa njia ya damu, na tezi za adrenali zikiipokea hutoa kotisoli. Kotisoli ikishakuwa ya kutosha hurudi kuuambia ubongo upunguze amri. Zaidi ya asilimia 90 ya kotisoli iliyo kwenye damu husafiri ikiwa imeshikwa na protini, na kile kiasi kidogo kilicho huru ndicho kinachofanya kazi mwilini na ndicho kinachopenya hadi kwenye mate. Hiyo ndiyo sababu mate yana thamani. Yanaonyesha kotisoli iliyo huru, na hukusanywa bila sindano, ambayo yenyewe inatosha kumtia mtu hofu na kuivuruga namba unayoitafuta.

Kipimo chenyewe, basi, si utapeli. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, walichapisha jaribio ambalo bado linatumika duniani kote: mtu husimamishwa mbele ya watu wasioonyesha hisia, akatoa hotuba, kisha akafanya hesabu kwa sauti, huku mate yake yakichukuliwa kabla na baada. Kotisoli hupanda, lakini kilele chake huonekana dakika kadhaa baada ya jaribio kwisha, si wakati ule moyo unapodunda. Kwa hiyo hata kwa kijana mwenye afya, tone moja la mate lisiloambatana na saa sahihi na maelezo ya kilichotangulia halisemi mengi.

Saa ndiyo jambo la kwanza lililowapotosha. Kotisoli ina mwendo wake wa siku. Mtu akiamka hupanda kwa kasi na kufikia kilele ndani ya dakika 30 hadi 45, kisha hushuka taratibu mchana kutwa, ikawa chini kabisa karibu na usiku wa manane. Maabara inaposema "asubuhi" inamkusudia mtu aliyeamka punde. Baba yako aliamka saa kumi alfajiri, hivyo kilele chake kilipita kabla ya saa kumi na moja. Mate ya saa mbili yalikuwa ya mtu aliyekwisha kuwa macho kwa saa nne. Isitoshe, saa moja kabla ya hapo alikuwa amemeza levodopa, dawa ambayo watafiti wameona kwamba inaweza kuishusha kotisoli kwa muda baada ya kumezwa. Ningeshangaa kama namba hiyo ingekuwa juu.

Sasa namba ya usiku, ambayo nadhani ndiyo iliyowatisha. Haidrokotisoni, binti yangu, ni kotisoli. Si jamaa yake wala mfano wake. Ni kemikali ileile, ambayo ikitengenezwa kiwandani na kutiwa kwenye tyubu huitwa haidrokotisoni, na ikitengenezwa na tezi huitwa kotisoli. Kiasi cha kotisoli kinachopatikana kwenye mate ya usiku ni kidogo mno, kiasi kwamba alama ya krimu iliyobaki kwenye ncha ya kidole inatosha kuifunika kabisa. Ulimpaka Baba shingoni na usoni, kisha ukaishika pamba kwa vidole hivyohivyo, ukamtia mdomoni kupitia midomo iliyo jirani na ngozi iliyopakwa. Maabara ilipima krimu. Zipo maabara kubwa zinazopima pia kotisoni, ile inayotokana na kotisoli inapopita kwenye tezi ya mate, na zikiona kotisoli imeruka juu peke yake zikajua kwamba imeingia kutoka nje, lakini vipimo vingi vya nyumbani havifiki huko. Usijilaumu. Maelekezo ya vifaa hivi huonya kuhusu kula, kuvuta sigara na kupiga mswaki, na si kila mara yanataja mikono ya mlezi.

Amilasi ni habari nyingine, na hapa ndipo ugonjwa wenyewe unapoingia. Ni kimeng'enya cha mate kinachoanza kuvunja wanga, ndicho kinachofanya ugali au mkate uliotafunwa kwa muda mrefu uanze kuonja utamu. Watafiti waligundua kwamba kiwango chake hupanda mtu anapopatwa na msongo, kwa sababu tezi za mate hupokea maagizo kutoka kwa neva za mfumo wa tahadhari, uleule unaoharakisha moyo na kutoa jasho. Wakaanza kuitumia kama dirisha la kuuchungulia mfumo huo. Mwendo wake wa siku uko kinyume na ule wa kotisoli: hushuka baada ya kuamka na kupanda kadiri siku inavyosonga. Kwa mtu mwenye afya dirisha hilo lina ukungu kidogo, maana wingi wa mate na kasi ya kutoka kwake hubadilisha namba. Kwa mgonjwa wa Parkinson, dirisha lenyewe limepasuka.

Parkinson si ugonjwa wa mikono tu, wala si wa ile sehemu moja ya ubongo inayotoa dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mwendo, tu. Protini iitwayo alfa-sinuklini hujikunja vibaya na kurundikana ndani ya seli za neva, na mirundo hiyo imeonekana pia nje ya ubongo, kwenye neva za utumbo, za moyo, na ndani ya tezi za mate zenyewe, hasa ile iliyo chini ya taya. Neva zinazopeleka amri ya kutoa mate zinadhoofika pamoja na zile zinazopeleka amri ya kutembea. Kwa hiyo amilasi ikiwa chini kwa Baba, huwezi kujua kama yeye ametulia, au waya unaoiamrisha tezi umelika. Juu ya hapo kuna Artane, dawa ambayo kwa asili yake hukausha mdomo na kubadilisha mate yanayotoka. Unapima kisima huku mtu mwingine ameshika bomba.

Nitaeleza jambo nililoliona kwa macho yangu, ili usidhani ninazungumza vya vitabuni. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikikusanya mate ya wagonjwa kwa ajili ya uchunguzi mdogo. Mzee mmoja aliketi mbele yangu, kanga ya mkewe ikiwa imekunjwa begani mwake kwa ajili ya kufutia ute, nami nikampa kichupa na kumwomba aache mate yadondoke yenyewe. Mtu mzima mwenye afya hupata mililita moja kwa dakika chache. Yeye ilimchukua karibu dakika 20. Kichwa kiliinama, mdomo ukawa wazi, uzi mmoja mrefu wa mate mazito ukaning'inia na kukatika nje ya kichupa, mkewe akafuta, tukaanza tena. Kufikia dakika ya 10 mkono wake wa kulia ulikuwa ukitetemeka kuliko alipoingia, na macho yake yalijaa aibu. Nilipokipokea kile kichupa nilijua kwamba ndani yake mlikuwa na kotisoli ya zoezi la kutoa mate, wala si ya maisha yake.

Hapo pia ndipo lilipo kosa ambalo familia nyingi hulifanya, nami nalisahihisha kwa kuwa linaumiza: mgonjwa wa Parkinson anayedondosha mate hana mate mengi. Mara nyingi anayo machache kuliko wewe. Kinachopungua ni kumeza. Wewe humeza mate mara nyingi kwa saa bila kufikiri, na yeye mwendo huo wa hiari-bila-hiari umepungua kama ulivyopungua ule wa kupepesa macho na kupunga mkono anapotembea. Akikumbushwa ameze kabla ya kusema, akikaa wima, akifanyiwa mazoezi na mtaalamu wa kumeza pale anapopatikana, hali hupata nafuu.

Utauliza: kama mambo ni haya, kwa nini watafiti wanaendelea kupima mate ya wagonjwa wa Parkinson na wa Alzheimer? Kwa sababu wao wanauliza swali tofauti. Wanapokusanya mate ya makumi au mamia ya watu, kwa saa zilizopangwa tangu dakika ya kuamka, kwa siku kadhaa, huku wakiandika kila dawa, makosa ya mtu mmoja mmoja hufifia na mwelekeo wa kundi huonekana. Kwa njia hiyo imeonekana kwamba watu wenye Alzheimer, kwa wastani, wana kotisoli iliyo juu kuliko wenzao wa umri wao, jambo lenye maelezo yanayoeleweka: hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu mpya na inayoshambuliwa mapema na ugonjwa huo, ni mojawapo ya sehemu zinazoipokea kotisoli na kuuambia mfumo upunguze. Ikisinyaa, breki hulegea. Kwa Parkinson tafiti kadhaa zimekuta wastani ulio juu kidogo, na nyingine zimekuta kile kilele cha kuamka kikiwa kimelala, yaani hakipandi kama inavyotarajiwa. Lakini watu wenye ugonjwa na wasio nao hupishana mno ndani ya namba hizo, kiasi kwamba ukinipa namba ya mtu mmoja siwezi kukuambia yuko kundi gani. Wastani wa darasa hauwezi kukuambia Juma alipata ngapi.

Uangalifu unaohitajika hauna mfano mzuri kuliko ule wa Robert Sapolsky, mtafiti wa Marekani ambaye tangu mwaka 1978 alikuwa akienda Kenya kuwachunguza nyani wa mbugani na kupima homoni zao za msongo. Aliwapiga kwa kishale cha dawa ya usingizi ili achukue damu, na alijiwekea masharti: saa ileile ya siku, nyani asiwe ameona kishale kikija, asiwe mgonjwa, asiwe ametoka kupigana siku hiyo. Sharti moja likivunjika, alimwacha aende zake. Ikiwa nyani wa porini alistahili tahadhari hiyo, Baba yako anaistahili zaidi.

Watafiti haohao, akina Sapolsky, ndio waliopendekeza katika miaka ya 1980 kwamba homoni za msongo zikidumu juu kwa miaka mingi huweza kuidhuru hipokampasi, na wazo hilo likaenea hadi mitaani likiwa limebadilika: "msongo huua ubongo". Sasa nafika kwenye kesi ya shamba. Hakuna ushahidi unaoniruhusu mimi wala daktari mwingine kusema kwamba kesi ile ilimletea Baba yako Parkinson, na upo ushahidi mzuri unaoelekeza kwingine. Dalili za mwendo zinapoonekana, takriban nusu ya seli zinazotoa dopamini katika sehemu husika ya ubongo huwa zimekwisha kupotea, na kazi hiyo ya uharibifu haifanyiki kwa miaka miwili. Wagonjwa wengi, tukiwauliza vizuri, hutukumbusha choo kigumu kilichoanza miaka mingi kabla, au pua iliyoacha kunusa karafuu na samaki, au usingizi wa kurusha ngumi na kupiga kelele kiasi cha mwenza kuhama kitanda. Muulize Mama, au yeyote aliyelala chumba kimoja naye, kuhusu miaka kabla ya 2019. Sina shaka kubwa juu ya jibu utakalopata.

Hata hivyo nisingependa ukaenda upande wa pili ukaamini kwamba msongo hauna neno. Tunauona kliniki kila siku. Mgonjwa amekaa, mkono umetulia mapajani, namwambia ahesabu kutoka 100 kurudi nyuma akitoa saba saba. Anasema 93, anasema 86, na kabla ya 79 kidole gumba kimeanza kusugua kidole cha shahada kama anayevuta tasbihi. Hakuna aliyemtisha; akili imepewa mzigo tu, na mtetemeko umejitokeza. Siku ya mahakamani Baba atatetemeka zaidi, atatembea vibaya zaidi, na dawa itaonekana kama haikufanya kazi. Hayo ni kweli, na yanapita siku ikipita. Kuidhihirisha dalili ni jambo moja, na kuuanzisha ugonjwa ni jingine. Mweleze mdogo wako hivyo, kwa upole, kwa kuwa naye anatafuta pa kuliweka jambo linalomuuma.

Maneno "tezi zimechoka" nayaweka kando kabisa. Wataalamu wa homoni hawautambui ugonjwa wa namna hiyo, na uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016, uliopitia tafiti 58, haukupata ushahidi wa kuuthibitisha. Upo ugonjwa wa kweli wa tezi hizo kushindwa kazi, nao ni hatari, lakini hupimwa kwa damu ya asubuhi hospitalini na kwa kuzichochea tezi kwa dawa, na hutibiwa kwa homoni yenyewe. Virutubisho vya miezi sita usinunue. Fedha ni sababu moja. Sababu nyingine ni kwamba mchanganyiko usiojulikana ndani ya vidonge hivyo unaweza kugongana na dawa za Baba, na kwamba baadhi ya bidhaa zinazouzwa kwa jina hilo nje ya nchi zimekutwa na homoni ambazo hazikuandikwa kwenye kopo. Wala usikubali dawa ya "kushusha kotisoli" kwa namba iliyotokana na krimu.

Iko hali moja ambamo mate ya usiku yana kazi ya kweli ya kitabibu, nayo ni kutafuta ugonjwa wa Cushing, ambapo mwili una kotisoli nyingi kupita kiasi kwa muda mrefu. Mtu huyo uso huwa wa duara, ngozi huvia damu kwa kuguswa kidogo, mapaja hukosa nguvu kiasi cha kushindwa kuinuka kwenye kiti kifupi, sukari na shinikizo la damu hupanda, na michirizi ya zambarau huonekana tumboni. Hata hapo madaktari hurudia kipimo na hukilinganisha na vingine. Baba akiwa na dalili hizo, mpelekeni kwa daktari wa magonjwa ya ndani na mumtajie jina la krimu yake. Naomba pia muisome tyubu upya. Haidrokotisoni ni nyepesi, lakini krimu zenye kilobetasoli au betamethasoni, zinazouzwa madukani kwetu kwa ukurutu na hata kwa kung'arisha ngozi, ni kali mara nyingi zaidi, na zikitumika sehemu kubwa ya mwili kwa miezi huweza kuzilaza tezi za adrenali. Aliyezizoea asiziache ghafla bila kumwona daktari.

Sasa hofu ya jioni, ambayo kwangu ndiyo habari kubwa kuliko zote ulizoniandikia. Baba humeza levodopa saa saba mchana na hungoja hadi saa mbili usiku. Hayo ni masaa saba. Baada ya miaka kadhaa ya ugonjwa, dozi moja kwa wengi haidumu muda huo. Nguvu yake huisha baada ya saa tatu, nne au tano. Watu wanajua kwamba dawa ikiisha mwili hukakamaa. Wasiyoambiwa ni kwamba dawa ikiisha moyo pia hubadilika: hofu huja bila sababu, jasho humwagika, pumzi hubana, mtu hutazama mlango. Inaanza saa kumi, yaani saa tatu baada ya kidonge. Naona dalili zote za dawa kwisha nguvu, na hilo daktari wake anaweza kulishughulikia kwa kupanga upya saa au kiasi cha dozi. Usizibadilishe wewe nyumbani, na dawa isikatike ghafla hata siku moja, kwa kuwa kukatika kwa levodopa kunaweza kuleta homa kali, kukakamaa na kuchanganyikiwa kunakohatarisha maisha.

Uhakika utaupata kwa daftari. Chukua daftari la kawaida, kwa siku saba andika saa aliyomeza dawa, saa aliyokula na alichokula, maana nyama, samaki au maharage yakiliwa pamoja na levodopa huizuia kuingia vizuri, kisha kila saa andika neno moja la mwendo na neno moja la moyo: "anatembea, ametulia", "amekakamaa, ana hofu". Kama hofu inapanda na kushuka pamoja na kukakamaa, mtakuwa mmejua mengi kuliko vichupa 20 vya mate. Kama hofu ipo kutwa bila kujali dawa, au ameacha kufurahia redio, wajukuu na ibada, basi huenda ana wasiwasi au sonona inayotibika. Wasiwasi wa kiwango cha ugonjwa huwapata karibu mgonjwa mmoja kati ya watatu wa Parkinson, na ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, si udhaifu wa imani. Daktari azitazame pia sababu nyingine za kawaida: maumivu, choo kigumu, maambukizi ya mkojo, usingizi unaokatika saa kumi kila siku kwa sababu ya kwenda haja ndogo. Na aulizwe kama Artane bado inafaa, kwa sababu kwa mtu wa umri huo inaweza kuleta usahaulifu, kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwapo, ingawa nayo hupunguzwa polepole.

Msisubiri miadi ikiwa Baba amepaliwa na chakula kisha akapata homa au kikohozi chenye makohozi, amechanganyikiwa ghafla ndani ya siku moja au mbili, ameanguka akagonga kichwa, ameshindwa kumeza dawa, au amesema maneno ya kutotaka kuishi. Siku hiyohiyo mpelekeni hospitali iliyo karibu, mkiwa na vidonge vyake mkononi.

Kama mtapata nafasi ya kumwona daktari wa mishipa ya fahamu, itumieni hata kama ni safari. Nayasema haya nikikumbuka uchunguzi uliofanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2008, ambapo watafiti walipita nyumba kwa nyumba na kukuta kwamba wengi wa waliokuwa na Parkinson hawakuwahi kuambiwa wanaumwa nini, sembuse kupata dawa. Baba yako ana jina la ugonjwa wake, ana levodopa, na ana binti anayejua saa anayoamka.

Juu yako wewe, hukuuliza, lakini nitajibu. Mwaka 1995 watafiti wa Ohio, Marekani, waliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakiwauguza ndugu zao wenye ugonjwa wa kusahau, na wengine 13 wasiokuwa na mzigo huo, wakawatia kila mmoja kidonda kidogo mkononi chenye upana wa milimita 3.5. Kidonda cha walezi kilichukua wastani wa siku tisa zaidi kupona. Ikiwa ndani ya nyumba yenu kuna msongo unaostahili kushughulikiwa haraka, nadhani ni wa yule anayeamka saa kumi pamoja na Baba, anayepika, anayepaka krimu, na usiku anahesabu kosa la kesi ya shamba. Mdogo wako achukue usiku mbili kwa juma. Kama Kaka alikuwa tayari kuchangia virutubisho vya miezi sita, fedha hizo zina kazi bora. Mwambie zilipe nauli na miadi ya daktari, na kinachobaki kimlipe mtu wa kukusaidia mchana.

Vile vichupa viwili usivitumie. Kumpima tena kwa mtindo uleule kutawapa namba mbili zaidi zisizosomeka, na Baba atapitia tena dakika zile ngumu za kutoa mate bila faida yake mwenyewe. Ikiwa siku moja watafiti watamwomba mate kwa ajili ya uchunguzi ulioidhinishwa, na yeye akikubali, mwache atoe. Siku hiyo nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa pamba, krimu ipakwe baadaye, na andika dakika aliyofumbua macho.